Karatasi Zetu Zimepotelea Benki



Mwezi huu tunawaomba muiache sufuria jikoni kwa dakika chache, mwende chumbani, mkatazame chini ya kitanda. Katika nyumba nyingi za huku kwetu Serengeti na kule Tarime, hapo ndipo linapokaa sanduku la bati lenye karatasi za nyumba. Mna cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, stakabadhi za ada, kitabu cha akiba, na pengine hati ya shamba. Je, mama, unayajua yote yaliyomo? Na je, unazijua karatasi ambazo hazimo, kwa sababu zimo mikononi mwa watu wengine?

Sisi tulidhani tunajua. Tunaoandika ukurasa huu ni mke na mume, kama wengi wenu mnavyotufahamu, na tumezoea kuwashauri wengine. Safari hii tunawasimulia jambo lililotupata wenyewe, nasi hatukutoka humo bila makosa.

ILIVYOTUPATA

Mnamo mwaka 2019 tulikuwa tukiishi upande wa Tarime, ambako baba wa nyumba hii alikuwa akifundisha shule ya msingi. Tulitaka kununua mashine ya kusaga. Tukaenda kuomba mkopo katika benki moja mjini Tarime. Benki hiyo hatutaitaja jina, kwa maana hatuandiki ili kumwaibisha mtu. Yaliyotupata yangeweza kutokea mahali popote penye makabati yaliyojaa na watu waliochoka.

Dhamana yetu ilikuwa shamba la migomba na kahawa, ambalo lina hati ya hakimiliki ya kimila yenye majina yetu sote wawili. Benki ilitaka pia cheti cha ndoa, ili kuthibitisha kwamba mama anayeridhia shamba liwekwe rehani ndiye mke wa ndoa. Siku ile mashine ya kutoa kopi ilikuwa imeharibika. Afisa mikopo akatuambia kwa upole, "Acheni cheti chenyewe, mwalimu. Mtakipitia kesho."

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Keshokutwa mtoto akashikwa na malaria. Wiki ikapita, mkopo ukatoka, mashine ikanunuliwa, cheti tukakisahau. Hatukupewa karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba tumekiacha pale, wala hatukuidai. Hilo lilikuwa kosa letu, na tunalikiri.

Deni tulilimaliza mwezi Machi 2023. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuhamia Mugumu. Tukarudi Tarime tukiwa na furaha kudai vitu vyetu. Binti wa dirishani akatuamkia vizuri, akaingia ndani, akakaa sana, kisha akatoka mikono mitupu. "Mama, faili lenu halionekani. Afisa aliyelishughulikia amehamishwa. Njooni Ijumaa."

Ijumaa tukaenda. Tukaambiwa Jumatano. Jumatano tukaambiwa mwisho wa mwezi. Anayeijua njia ile atatuelewa: kupanda gari la alfajiri Mugumu, kuvuka Mto Mara, kupita Nyamongo na Nyamwaga, kufika Tarime na vumbi hadi kwenye kope, au tope hadi magotini ikiwa ni masika. Nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, na siku hiyo mashine haisagi.

Safari ya tatu baba alipandisha sauti mbele ya wateja wote. Mlinzi akasogea. Binti wa dirishani akageuza uso, na tangu siku hiyo tukawa "wale wakorofi wa Mugumu". Safari ya nne mama alikwenda peke yake. Akakaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa nane, amenyamaza kwa adabu kama alivyofunzwa na mama yake, akiamini kwamba kuna mtu atakayeona haya. Hakuna aliyeona haya. Walipita mbele yake kwenda kula chakula cha mchana, wakarudi, wakamkuta palepale.

Kwa hiyo nyumba yetu ilijaribu njia zote mbili ambazo watu wengi huzijua, yaani kugomba na kunyamaza. Zote zilitushinda.

KWA NINI HATUKUACHA

Baada ya safari ya tano tulikaribia kukata tamaa. Tuliambiana, "Deni tumelipa, shamba tunalima, ni nani atakayetuuliza karatasi?"

Jibu lilikuja mapema kuliko tulivyotazamia. Mwezi uleule mwenzetu mmoja alifiwa na mumewe. Baada ya matanga ndugu wa marehemu walikaa kikao cha ukoo, na swali la kwanza aliloulizwa mjane lilikuwa hili: "Shamba ni la nani, na karatasi iko wapi?" Hakuwa nayo. Mumewe aliwahi kuiweka dhamana mahali fulani, wala hakumwambia mkewe ni wapi. Mama wa watu alibaki akitazama mikono yake. Mpaka leo jambo lake liko barazani.

Jioni ile mama wa nyumba hii alirudi kutoka msibani, akavua kanga ya kilio, akaketi. Akamwuliza mumewe, "Ukitangulia wewe, mimi nitaonyesha nini?" Baba hakuwa na jibu. Akina mama, tunadhani usiku ule ndio tulioanza kudai karatasi zetu kwa kweli.

Palikuwa na jambo jingine pia, dogo kwa wengine lakini kubwa kwetu. Kile cheti cha ndoa kilikuwa na sahihi ya dada mkubwa wa mama, aliyesimama kuwa shahidi siku ya arusi. Dada huyo alifariki mwaka 2011. Alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, na aliiandika sahihi yake polepole, herufi moja moja, huku kanisa zima likimngoja. Ndiyo kumbukumbu pekee ya mkono wake tuliyokuwa nayo.

OFISI HAISIKII, OFISI INASOMA

Hapa Mugumu yuko mzee mmoja, karani mstaafu wa serikali. Tulimweleza shida yetu tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza, kisha akatuuliza jambo moja tu: "Mmeandika?"

Tukamjibu kwamba tumekwenda mara tano.

"Sikuulizi mmekwenda mara ngapi, wanangu. Nauliza mmeandika? Maneno yenu yote yamebaki mlangoni. Mtu husikia, lakini ofisi haisikii, ofisi inasoma. Anayehamishwa huondoka na masikio yake. Barua hubaki."

Tulitazamana. Miaka yote ile tulikuwa tukifundisha watoto kuandika barua rasmi darasani, na sisi wenyewe hatukuwa tumeandika hata moja. Jioni ile tukakaa mezani, taa katikati, tukaandika. Tunawaeleza jinsi barua yenyewe ilivyopangwa, maana huenda mmoja wenu akaihitaji kesho.

Kwanza, iliandikwa kwa meneja wa tawi kwa cheo chake. Ukimwandikia mtu kwa jina lake, naye akahamishwa, barua yaweza kumfuata au kulala mezani bila kufunguliwa. Ikabeba kichwa kilichosema wazi: MALALAMIKO KUHUSU KUPOTEA KWA HATI YA SHAMBA NA CHETI CHA NDOA.

Pili, ilieleza sisi ni nani: majina kamili, namba ya akaunti, namba ya simu, mwezi tuliopewa mkopo na mwezi tuliomaliza kulipa. Stakabadhi ya malipo ya mwisho tuliambatisha kopi, ile yenyewe tukabaki nayo.

Tatu, ilitaja karatasi moja baada ya nyingine, kila moja na namba yake, na siku tuliyoikabidhi. Hatukuandika "vitu vyetu". Anayetafuta hawezi kutafuta "vitu".

Nne, ilitaja safari zote tano kwa tarehe, na jibu tulilopewa kila mara. Hapo hatukutukana mtu wala hatukumwita mtu mwizi. Tulikuwa na hasira, ndiyo, lakini mzee alituonya kwamba neno moja la matusi lingewapa watu wa benki jambo la kujibu badala ya karatasi zetu.

Tano, ilisema tunachotaka. Akina mama, hapa ndipo malalamiko mengi hufia. Mtu hueleza maumivu yake kurasa mbili, kisha hasemi afanyiwe nini. Sisi tuliomba mambo manne: karatasi zitafutwe, nasi tujibiwe kwa maandishi katika wiki mbili, zikipatikana tukabidhiwe kwa kutia sahihi, zisipopatikana tupewe barua inayokiri kwamba zilipotea zikiwa mikononi mwa benki, pamoja na gharama ya kupata nyingine, na tupewe barua inayothibitisha kwamba deni limekwisha na shamba haliko tena kwenye rehani.

Barua tulitoa nakala mbili. Mama ndiye aliyeipeleka. Binti wa dirishani akaipokea, akataka kuiweka kando. Mama akamwambia, "Mwanangu, naomba muhuri na tarehe kwenye nakala yangu, na wewe uandike jina lako hapa chini." Binti akamtazama. Mama akatabasamu, lakini hakuondoka. Muhuri ukagongwa. Sauti ile ya muhuri, anasema mama, ilikuwa tamu kuliko maneno yote aliyoyasikia pale kwa miezi mitatu.

KILICHOTOKEA

Siku ya tisa simu ililia. Alikuwa meneja mwenyewe. Aliomba radhi, akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Baada ya wiki saba hivi hati ya shamba ilipatikana. Kumbe ilikuwa imepelekwa makao makuu ya benki, Dar es Salaam, pamoja na dhamana za wateja wengine, na pale tawini hapakuwa na mtu aliyekumbuka kuiandika kwenye daftari. Ilirudi katika bahasha ya kaki, safi, na kona moja imekunjika. Barua ya kumaliza deni ilikuwa pamoja nayo.

Cheti cha ndoa hakikupatikana. Benki ilitupa barua ya kukiri hivyo, na gharama ya kupata kingine ikalipa. Nauli za safari tano hatukurudishiwa, na ukweli ni kwamba barua yetu haikuzidai. Mkiandika yenu, msisahau.

Tulichukua barua ile, tukaenda polisi tukapewa taarifa ya upotevu, kisha tukaenda kanisani tulikofungia ndoa. Karani wa usharika akatoa kitabu cha ndoa kutoka kabatini, akafunua kurasa za mwaka wetu. Pale palikuwa na majina yetu, na chini ya majina yetu palikuwa na sahihi ya dada, zile herufi za polepole, moja moja. Mama aliweka kidole juu yake akakaa kimya. Karani, Mungu ambariki, hakumharakisha.

KARATASI IKIPOTEA, HAKI HAIPOTEI

Katika wiki zile saba za kungoja tulijifunza jambo ambalo lilitupa usingizi, nasi tunapenda mlijue ninyi kabla ya shida. Karatasi iliyomo sandukuni ni shahidi wa haki yako, lakini aghalabu si shahidi wa pekee. Mahali pengine lipo daftari.

Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Hutiwa sahihi na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji pamoja na mwenye ardhi, kisha husajiliwa na afisa ardhi wa wilaya. Kwa hiyo, kabla hujalia kwamba shamba limekwenda, nenda ofisi ya kijiji, kisha nenda kwa afisa ardhi wa halmashauri yako. Sisi tulikwenda Nyamwaga, kwenye Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, na kuyaona majina yetu yameandikwa. Sheria hiyohiyo inasema kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kama hati yenu bado haijaandikwa, zungumzeni nyumbani majina yote mawili yaingie.

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto nacho kina asili yake katika daftari la RITA. Kikipotea, pa kuanzia ni ofisi ya usajili iliyo kwa Mkuu wa Wilaya.

Tena kumbukeni kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Basi mama, ukiitwa benki kutia sahihi, usitie kama mtu anayesindikizwa. Uliza: tunaacha karatasi gani, zitakaa wapi, na tutazipata lini? Ni haki yako kuyajua, kwa kuwa ukibaki peke yako ndiwe utakayeulizwa.

TAWI LISIPOJIBU

Si kila meneja atapiga simu siku ya tisa. Wako watakaonyamaza. Mama asidhani kwamba mlango wa tawi ndio mwisho wa njia.

Mlango wa kwanza ni tawi lenyewe, kwa barua yenye muhuri. Mlango wa pili ni makao makuu ya benki hiyo, kwenye kitengo cha malalamiko ya wateja. Ambatisha kopi ya barua ya kwanza. Mlango wa tatu ni Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia mabenki yote nchini. Mwaka 2019 zilitolewa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na kwa kanuni hizo kila benki inapaswa kuwa na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Mteja asiporidhika na jibu la benki yake, au asipojibiwa, anaweza kuyapeleka Benki Kuu. Kwa sisi wa Mara, tawi la Benki Kuu lililo karibu ni la Mwanza. Lakini angalieni: Benki Kuu itakuuliza kwanza kama ulilalamika kwenye benki yako. Asiye na nakala yenye muhuri atajibu nini?

Upo pia mlango mpya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Sheria hiyo inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu, benki ikiwemo, azilinde zisipotee wala zisiangukie mikononi mwa asiyehusika. Jina lako, picha yako, sahihi yako na namba yako ya kitambulisho ni mali yako hata zikiwa kabatini mwa mtu mwingine.

Mbele ya milango hii yote ipo mahakama. Ukifikia huko, tafuta wakili au msaada wa kisheria kwanza. Ukurasa huu hautoshi.

ZISIJE ZIKATUMIWA NA MWINGINE

Karatasi iliyopotea si hasara ya kukosa tu. Yaweza pia kuokotwa. Mtu mwenye kopi ya kitambulisho chako, picha yako na sahihi yako anaweza kujaribu kukopa au kusajili laini ya simu kwa jina lako. Kwa hiyo, zikipotea, fanya haya bila kungoja.

Toa taarifa polisi, uitunze karatasi utakayopewa. Iandikie benki kwamba mkopo wowote utakaoombwa kwa jina lako usishughulikiwe mpaka ufike mwenyewe. Piga *106# kwenye simu yako uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukiona usiyoifahamu, nenda kwa wenye mtandao huo uifungishe. Na mtu akikupigia akisema, "Mama, tumezipata karatasi zako, tutajie namba yako ya siri," kata simu. Benki yako haihitaji namba yako ya siri ili kukurudishia cheti.

TURUDI KWENYE SANDUKU

Sasa tumalizie pale tulipoanzia, chini ya kitanda. Haya ndiyo tunayofanya sisi siku hizi.

Karatasi zote zimewekwa ndani ya mfuko wa plastiki, kisha sandukuni, kwa kuwa paa la bati huvuja, na mchwa hausomi sheria. Kopi za muhimu ziko kwa ndugu tunayemwamini, maana nyumba yaweza kuungua. Picha zake tumezipiga kwa simu.

Liko daftari dogo la mistari. Kila karatasi imeandikwa humo pamoja na namba yake. Ikitoka nyumbani, tunaandika imekwenda wapi, siku gani, na nani kaipokea. Ikirudi, tunatia alama. Namba za siri hatuandiki humo kamwe. Baba anajua daftari lilipo, mama anajua, na binti yetu mkubwa anajua.

Karatasi halisi haiachwi ofisini ikiwa kopi inatosha. Mashine yao ikiwa mbovu, steshenari ziko ng'ambo ya barabara. Ikilazimu kuiacha, kama ilivyo kwa hati ya rehani, hatuondoki bila karatasi yenye muhuri inayosema wameipokea.

Na vitabu vya zamani vya benki hatuchomi. Benki hubadili majina na kuunganishwa. Benki ya Wanawake Tanzania, ambayo wengi wenu mnaikumbuka, iliunganishwa na Benki ya Posta mwaka 2018, na Benki ya Posta yenyewe leo inaitwa Tanzania Commercial Bank. Jina likibadilika mlangoni, akiba yako haibadiliki kuwa ya mwingine, lakini kitabu chako cha zamani kitakusaidia kuieleza.

Akina mama, tulipokuwa wadogo tulifundishwa kwamba mwanamke mwenye adabu hana maneno mengi mbele za watu. Hatuikatai adabu hiyo. Lakini yule mwanamke wa Injili aliyepotelewa na sarafu moja hakukaa kwenye benchi akingoja iongee. Aliwasha taa, akafagia, akatafuta mpaka akaiona. Kuandika barua ni kuwasha taa. Kudai muhuri ni kufagia. Wala hakuna ukorofi ndani yake.

Basi, kabla ya kulala leo, lifungueni sanduku lenu, baba na mama pamoja. Ulizaneni swali lile tulilochelewa kuulizana sisi: nikitangulia mimi, wewe utaonyesha nini? Kama jibu halimo sandukuni, jueni liko wapi, na kesho anzeni kuandika.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama.